Waipa ya nyuma imegoma? Multimita kusoma 12 si ushahidi kwamba mota imekufa

"Nimepima, volti 12 zinafika, mota haizunguki. Basi mota imekufa." Maneno haya nakutana nayo gereji, nakutana nayo kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye Toyota IST na Probox, na safari hii yametoka kwa fundi umeme ninayemheshimu. Nimechoka nayo, maana mwisho wake ni uleule: mwenye gari anatumwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta mota, inafungwa, na waipa bado imelala.

Kwanza mambo mepesi, nayapitia haraka. Simama mahali pa kimya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha washa waipa ya nyuma huku mwenzako ameweka sikio kwenye mlango wa buti. Akisikia mota inaguna au kitu kinagonga "tik", umeme unafika na mara nyingi kuna kilichokaza. Ruka hadi sehemu ya shafti hapa chini, yaani chuma kinachozungusha mkono wa waipa. Kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi. Kwenye Toyota nyingi imeandikwa RR WIP, na mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Ikiwa imeungua, weka ya ukubwa uleule. Ikiungua tena papo hapo, tafadhali usipandishe ampea: kuna shoti, na ukipandisha, kitakachoungua safari ijayo ni waya. Na kama gari lako lina kioo cha nyuma kinachofunguka peke yake, hakikisha kimefungwa hadi mwisho. Magari hayo mengi huzima waipa makusudi kioo kikiwa wazi.

Sasa tuje kwenye multimita, kile kipima umeme, ambako ndiko watu wanakopotea.

Waya za mlango wa buti zinatoka kwenye bodi kupitia mpira mweusi wenye mikunjo, juu karibu na bawaba. Kwenye Raum na RAV4 za zamani, ambazo mlango hufunguka kwa upande, mpira huo uko upande wa bawaba. Kila unapofungua buti waya zinakunjwa, ukifunga zinakunjuka, na zinakunjwa mahali palepale kwa miaka. Nyuzi za shaba ndani ya waya hukatika mmoja baada ya mwingine huku ganda la plastiki likiwa zima. Ukiutazama waya kwa nje utaapa ni mzima.

Tuseme zimebaki nyuzi mbili zinazogusana kwa shida, na pale penye jeraha pana upinzani wa omu 10. Multimita ya kidijitali ina upinzani wa ndani wa kama megaomu 10, kwa hiyo umeme inaouvuta ni kidogo mno na omu 10 za njiani haizioni kabisa. Inasoma 12, na haijakosea: imejibu ulichouliza. Lakini mota ikiwa imesimama ina upinzani mdogo sana, tuchukue omu 2. Chomeka mota, na volti 12 zinagawanyika: 10 zinaliwa pale kwenye waya uliokatika, mota inabaki na 2. Kwa volti 2 haizunguki, na wala haikupaswa kuzunguka. Kisha anaambiwa mwenye gari kwamba mota imekufa.

Kwa hiyo usipime waya ambao hauna mzigo, yaani kitu kinachokula umeme. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge waya mbili, uiguse kwenye soketi ya mota: waya wa umeme upande mmoja, waya wa hasi wa soketi hiyohiyo upande wa pili. Usichukue hasi kwenye bodi, kwa sababu hasi ya mota nayo mara nyingi inapita kwenye mpira uleule au inaishia kwenye bolti yenye kutu ndani ya mlango. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, njia ni nzima na sasa una haki ya kuishuku mota. Ikiwa nyekundu hafifu, au isipowaka, tatizo liko njiani. Mwambie mwenzako afungue na kufunga buti taratibu huku ukiutazama mwanga. Ukipepesa, umepata mahali. Dalili nyingine ya bure: kama taa ya namba, taa ya breki ya juu au kufuli la buti navyo vinasumbua, usihangaike sana, chomoa mpira huo.

Kuunga waya nako kuna makosa yanayorudiwa. Ukiunga kwa risasi ya kulehemu katikati ya mkunjo, risasi inapenya kwenye nyuzi, waya unakuwa mgumu kama msumari, na utakatika tena pembeni mwa kiungo. Kata waya wa zamani nje ya mpira pande zote mbili, pitisha kipande kipya cha kama sentimita 25, waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 1 hadi 1.25, na viungo vikae mbali na mkunjo, kila kimoja mahali pake visirundikane. Funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Teipu ya kawaida haifai hapo, gundi yake inayeyuka juani. Bomba la maji ya kuoshea kioo likiwa linapita humohumo, likague sasa hivi.

Upande wa shafti, sababu ni maji. Shafti ya chuma inapita ndani ya shingo ya aluminiamu, ikilindwa na oringi (pete ya mpira) ndogo na kifuniko cha plastiki. Kifuniko kikipotea, na hupotea, maji na vumbi huingia, kutu inavimba, grisi inakauka. Mota inapambana, inapata joto, na nyingi zina kikatio cha joto ndani: waipa inapiga mara chache, inasimama, baada ya dakika kadhaa inafanya kazi tena. Watu husema "inajifikiria". Hapana, imekabwa.

Ng'oa mkono wa waipa kwa kivutio (puller) kidogo, usiunyanyue kwa bisibisi iliyoegemea kioo. Toa mota, kwa kawaida bolti tatu za spana namba 10. Weka mafuta ya kulegeza kutu, pasha shingo moto kidogo, toa klipu na usukume shafti. Usigonge kichwa chake kwa nyundo bila nati juu yake, utaharibu uzi. Isugue kwa msasa wa 600, weka oringi mpya na grisi isiyopenya maji. Grisi isifike kwenye sahani ya miguso ndani ya boksi la gia, maana ndiyo inayoiambia mota pa kupumzikia. Na niseme wazi: shafti niliyoifufua hivi siwezi kuitolea dhamana. Nyingine zinadumu miaka, nyingine zinakaza tena mvua zinazofuata, na kwa macho zinafanana. Shafti ikiwa imechimbika na kutu, usijidanganye na msasa.

Kabla ya kurudisha mkono, chomeka soketi, washa waipa, kisha izime na uiache mota ifike yenyewe mahali pake pa kupumzikia. Ndipo ufunge mkono, raba ikiwa imelala pale ilipokuwa ikilala. Ukifunga mota ikiwa katikati ya safari, mkono utagonga bodi. Nati usiikaze kwa hasira; kwa Toyota nyingi ni kama Nm 5.5 (kipimo cha nguvu ya kukaza).

Na ikithibitika kwa balbu kwamba ni mota kweli, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha namba ya kifaa, soketi, na upande inapopumzikia. Muuzaji ataizungusha kwa betri bila mzigo, na hapo hata mota mbovu huzunguka. Mwombe aiwashe ikiwa imefungiwa mkono, ushikilie ncha ya mkono kidogo kwa kidole huku vidole vingine viko mbali na boksi la gia. Ikisimama kirahisi, mrudishie.