Je, wajua kwa nini Wareno waliweka alama ya dola katikati ya bei?

Ukibahatika kushika sarafu ya zamani ya Ureno, ile nyeupe yenye merikebu ya matanga upande mmoja, igeuze usome thamani yake: 2$50. Mtu atadhani ni dola mbili na nusu, mwingine atasema fundi aliyechonga muhuri alipitiwa. Si dola, na fundi hana kosa. Ni escudo mbili na centavo hamsini, na alama imekaa pale inapotakiwa kukaa.

Kisa chenyewe ni cha pesa iliyoishiwa nguvu. Karne ya 14 ikielekea mwisho, Ureno ilianza kupiga sarafu iitwayo real, yaani "ya kifalme". Zikiwa nyingi ziliitwa reais, na midomo ya watu ikalifupisha neno likawa réis. Tatizo ni kwamba vita vinakula pesa, na mfalme aliyeishiwa alikuwa na njia rahisi: anapunguza madini ya fedha ndani ya sarafu, jina analiacha lilelile. Wafanyabiashara hawadanganyiki mara mbili. Bei zikapanda.

Ukitaka kuona real ilivyoshuka, ipime kwa dhahabu. Mwaka 1457 Mfalme Afonso V alitoa sarafu ya dhahabu iitwayo cruzado, iliyopigwa kwa dhahabu ya Afrika Magharibi, uzito wake gramu tatu na nusu hivi. Katika karne ya 16 cruzado moja ilihesabiwa réis 400. Mwaka 1722, enzi za João V, dhahabu ya Brazil ikimiminika Lisbon, ikatoka sarafu ya dhahabu ya uzito uleule, jina lake escudo. Hiyo ilikuwa réis 1,600. Uzito haukubadilika, réis zikawa mara nne.

Real moja peke yake ikawa haina la kununua. Watu wakahesabu kwa maelfu: mil-réis, yaani réis elfu moja. Milioni nayo ikaitwa conto de réis, na conto hapo ni "hesabu". Makarani wakahitaji alama ya kuonyesha maelfu yanapoishia, kama sisi tunavyotumia mkato. Wakatumia $, ambayo kwa desturi yao huchorwa na mistari miwili ya wima. Réis 2,500 zikaandikwa 2$500. Conto moja, 1:000$000. Nukta mbili zinatenga mamilioni, $ inatenga maelfu.

Wao huiita alama hiyo cifrão. Neno limetoka kwenye cifra, na cifra imetoka kwenye Kiarabu, sifr. Ndiyo hiyohiyo iliyotupa sisi sifuri.

Oktoba 1910 ufalme ulipinduliwa, na Mei 1911 serikali ya jamhuri ikaleta pesa mpya ikiazima jina la zamani, escudo. Kiwango walikipanga kwa akili: escudo 1 sawa na réis 1,000, nayo ikagawanywa centavo 100. Kwa hiyo bei iliyokuwa 2$500 ikawa 2$50. Sifuri moja imedondoka, $ haikusogea hata kidogo. Jana ilitenga maelfu na mamia ya réis, leo inatenga escudo na centavo. Muuza duka hakuhitaji kufundishwa kuandika upya.

Sisi tusiwacheke. Andiko letu la 2,500/= lina mkwaju uliorithiwa kwa Waingereza, waliouweka kati ya shilingi na peni. Peni haipo, senti nazo nani anazidai dukani, lakini mkwaju upo kwenye kila risiti.

Conto nalo lilikataa kufa. Milioni ya réis ilikuwa sasa escudo 1,000, basi mtaani noti ya elfu ikaendelea kuitwa conto, kama Mtanzania anavyosema "buku". Nyumba, magari na mishahara vilitajwa kwa conto mpaka escudo ilipoondolewa mwaka 2002. Euro 1 ilibadilishwa kwa escudo 200.482, kwa hiyo conto zima lilikuwa karibu euro 5. Ukirudi kwenye hesabu ya wafalme, euro moja ni réis 200,482, pesa ambayo karani wa João V angeifungulia ukurasa mpya wa daftari. Brazil, ambako pesa ya leo inaitwa real, bado utasikia mtu akisema "dez contos" akimaanisha real kumi tu.

Na cifrão? Visiwa vya Cabo Verde, vilivyokuwa koloni la Ureno, bado vinatumia escudo yao wenyewe. Kule kitu cha escudo mia moja kinaandikwa 100$00, na mgeni wa Kimarekani hushtuka kwanza kabla ya kutoa pochi.