Shingo ya simu: tunayoambiana vijiweni na ukweli wake

Wadau, hili la shingo kuuma sababu ya simu limekuwa kubwa sasa hivi, dada wa uwakala analalamika, boda analalamika, mwanachuo pale Mlimani analalamika, na kila mmoja ana dawa yake kaambiwa na mtu. Zipo zisizo na madhara, zipo ambazo zinaweza kukulaza hospitali kabisa. Naanza na inayonikera kuliko zote.

"Nenda kwa kinyozi akakuvunje shingo, utapona." Wanaume wa Dar tunaijua hii. Umeshanyolewa, umepakwa skrabu, umekandwa mabega mpaka usingizi unakuja, mara jamaa anakukamata kidevu anakizungusha kra! kulia, kra! kushoto, unatoka saluni mwepesi unaamini kuna mfupa ulihama na sasa umerudi mahali pake. Hamna mfupa uliohama. Ule mlio ni vipovu vya gesi kwenye ute wa viungo, na ule wepesi ni misuli imelegea kwa muda tu, ndo maana ikifika kesho yake uko palepale. Sasa shida iko hapa: ndani ya mifupa ya shingo, kulia na kushoto, inapita mishipa inayopeleka damu nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na ghafla ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, donge likapanda kichwani, hapo tunaongelea kiharusi, na kinawapata hata vijana wasio na presha wala sukari. Ni nadra, sikatai, ila kwa nini ubahatishe kwa ajili ya raha ya dakika mbili? Mwambie mabega kanda bro, shingo niachie.

Ya pili ni ile picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba ukiinamisha kichwa digrii 60 shingo inabeba kilo 27. Hiyo namba ni ya kweli kwa maana kwamba kuna mtu aliipiga hesabu, daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York anaitwa Kenneth Hansraj, mwaka 2014, ila aliipiga kwenye kompyuta, hakupima shingo za watu. Kichwa chenyewe ni kama mfuko wa sembe wa kilo 5, na kweli ukiinama misuli ya nyuma inafanya kazi zaidi. Lakini kuinama siyo ugonjwa jamani. Fundi cherehani anainama, anayechambua mchele anainama, shingo imeumbwa ikunjike. Kuna watafiti Brazil mwaka 2018 waliwaangalia vijana wa miaka 18 mpaka 21 wanavyoshika simu, hawakuona kwamba wanaoinama ndo wanaoumwa shingo. Tafiti zingine zimeona uhusiano, kwa hiyo simu siisafishi moja kwa moja, ila kinachochosha zaidi ni kuganda. Yaani umeanza TikTok mwendokasi ikiwa Kimara, unashtuka uko Gerezani na kichwa hakijasogea hata kidogo, weka na kulala masaa manne tu, weka na mawazo ya kodi, halafu mwili wenyewe hauna zoezi lolote, hapo shingo lazima ilalamike hata kama ungekuwa umekaa wima kama askari wa gwaride.

Na hili la kwamba simu inakuotesha pembe ya mfupa kisogoni, lile lililotamba 2019, lipuuzeni. Utafiti ulitoka Australia, waliangalia picha za eksirei tu, hakuna aliyepima watu wale wanatumia simu kiasi gani, na baadae waandishi wenyewe wakatoa masahihisho.

Tuje kwenye tiba yenyewe maana hapa ndo watu wanapotea. Wengi wakisikia mazoezi ya shingo wanajua ni kuzungusha kichwa duara na kuivuta shingo pembeni mpaka ilie. Kunyoosha siyo kubaya, kunaleta nafuu, ila misuli iliyochoka kwa kukosa nguvu huiponyi kwa kuivuta, inatakiwa ipewe mzigo kidogokidogo mpaka izoee. Finland waliwahi kuchukua wanawake 180 wa kazi za ofisini wenye maumivu sugu ya shingo, matokeo yakatoka 2003: baada ya mwaka waliofanya mazoezi ya nguvu na ya ustahimilivu walipata nafuu kubwa kuliko waliokuwa wananyoosha na kufanya mazoezi ya kuongeza pumzi tu. Na anayesema hana muda amsikilize Mdenmark, kule mwaka 2011 watu walivuta ule ukanda wa mpira wa mazoezi dakika 2 tu kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 10, maumivu yakapungua, na wa dakika 12 hawakuwaacha mbali kihivyo.

Nyumbani anza hivi. Kaa wima, macho mbele, rudisha kidevu nyuma bila kuinama mpaka uote kidevu cha pili, hesabu tano, achia, mara kumi. Halafu weka kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume mkono na mkono ukatae, kisisogee, hesabu tano, kisha pembeni zote mbili na kisogoni. Halafu shika chupa mbili za maji za nusu lita, nyanyua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, shusha taratibu, ukizoea hamia chupa za lita moja na nusu. Ikiuma kidogo ukiwa unafanya na kesho yake imetulia hiyo sawa endelea, ikipiga kama shoti kushuka mkononi acha. Usitegemee muujiza wiki ya kwanza, jipe wiki sita na kuendelea.

Kola ya shingo, ile ya kuvaa kushikilia kichwa? Kama hujapata ajali na daktari hajakuandikia iache dukani, ukikaa nayo wiki na wiki misuli inazidi kulala. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ukiimeza kila siku nayo inakutafuna tumbo na figo huku chanzo kiko palepale.

Kuna na hawa wanaoona bila MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, hawajatibiwa, anatoa laki kadhaa, majibu yanasema diski, kile kigodoro kati ya mfupa na mfupa, imetokeza, basi anaacha hata kubeba begi la mtoto. Wajapani waliwapiga MRI watu 1,211 wasioumwa shingo kabisa, majibu wakayatoa 2015, karibu asilimia 88 diski zao zilikuwa zimetokeza. Kipimo kina kazi yake pale mkono unapokosa nguvu au kufa ganzi, ukitembea unayumba, mkojo haushikiki, unapungua uzito bila sababu, au umedondoka na bodaboda. Shingo imekaza na una homa kali, hiyo usiku huohuo kimbia hospitali. Nje ya hapo tafuta mtu wa fiziotherapia, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wapo, hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala pia, ukifika muoneshe unavyoishika simu na umwambie unaishika saa ngapi kwa siku, na usimpunguzie.