Vikundi Darasani: Wazazi na Walimu, Tuelewane

Malalamiko yanayotufikia kutoka Nyalenda hadi Seme, huku Kisumu, yanafanana: eti walimu wa sekondari msingi (Gredi 7 hadi 9) wameacha kufundisha, siku hizi ni vikundi tu. Mzazi, mawasiliano na ushirikiano ni mojawapo ya umilisi 7 wa kimsingi, yaani uwezo ambao kila mwanafunzi anapaswa kuujenga, katika mtaala wetu. Mtoto anayenyamaza mwaka mzima atapimwaje?

Lakini walimu nao wasikie. Kikundi cha watu 10 ni baraza: watatu watanena, waliosalia watangoja kengele. Wawe 4, au 5 darasa likifurika. Kisingizio cha chumba kidogo tumekichoka. Wa dawati la mbele wageuke, waelekeane na wa nyuma. Kabla ya mjadala, kila mmoja aandike wazo lake kwa dakika 2, amsomee jirani. Mwenye haya akishamwambia mmoja, kuwaambia wanne si mlima tena.

Swali nalo ligawanyike. "Jadilini magugumaji" halitoshi. Mmoja aeleze yanavyozuia mashua pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wa pili yanavyopunguza hewa majini samaki wakafa, wa tatu yanavyohifadhi konokono wa kichocho, wa nne faida yanayoweza kuleta. Kisha mwalimu amteue yeyote aripoti, wala asimkimbilie yule wa kuinua mkono kila siku. Kipindi ni dakika 40. Mjadala ukipita 15, umepotea.

Kuhusu alama, tusome polepole. Tathmini ya shuleni huingizwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) kwa kila mwanafunzi, na ile ya Gredi 7 na 8 hubeba asilimia 20 ya matokeo ya mwisho wa Gredi 9. Kwa hivyo usikipe kikundi kizima kiwango kimoja. Zunguka na daftari, andika nani alisema nini, kisha umweke panapomfaa: kuzidisha, kufikia, kukaribia au mbali na matarajio.

Asiyeongea asisimamishwe juu ya dawati wala kuchekwa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza adhabu ya kudhalilisha, ya mwili au ya akili. Ukipatikana na hatia, faini hufika shilingi 100,000, kifungo hufika miezi 6, au vyote viwili.

Mzazi mwenye lalamiko aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, ndipo aje kwa afisa wa mtaala wa eneo lake. Aje na daftari la mtoto.