Kabla ya Kutabiri Uchaguzi, Jua Maji Yanakupwa Saa Ngapi

Mwanafunzi wetu mmoja wa sayansi ya siasa alirudi kutoka Paje, kijiji cha pwani huko Unguja, na madodoso 40 (fomu za maswali), yote yamejazwa vizuri. Tulipoyapanga mezani, wanawake walikuwa sita tu. Alikwenda asubuhi, maji yamekupwa, na kina mama wako pwani kwenye mwani. Aliowahoji ni wanaume wa barazani. Ikabidi arudi jioni, nyumba kwa nyumba.

Vijana wanaokuja kusoma sayansi ya siasa hudhani kazi yetu ni kuchambua hotuba. Shahada ya kwanza ina hayo. Ukifika uzamili na uzamivu, ukitaka kutabiri uchaguzi, takwimu huzikwepi, na swali linalokusumbua kila siku ni hili: nimemuuliza nani, na nani nimemkosa?

Marekani, mwaka 1936, jarida la Literary Digest lilipokea majibu zaidi ya milioni mbili, likatangaza kuwa Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na wakati ule maskini hakuwa na simu wala gari. George Gallup, mtafiti wa maoni ya watu, alihoji watu wachache mno kuliko hao, akampata mshindi.

Hapa kwetu kuna ugumu mwingine. Ukihoji watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, jibu lako linaweza kupotoka kwa asilimia 3 hivi, juu au chini. Mwaka 1995 urais wa Zanzibar uliamuliwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Kuiona tofauti hiyo ungehitaji kuhoji zaidi ya watu laki moja! Mtaalamu mkweli hapo husema wagombea wako sawa, hata akibanwa vipi na waandishi wa habari.

Tena kura si viti. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, kikaambulia viti 13 kati ya 31, kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache. Ndiyo maana tunawafundisha vijana kuhesabu jimbo kwa jimbo, Unguja na Pemba.

Ukiletewa utabiri kwenye simu yako, uliza waliohojiwa walichaguliwaje, na Pemba wahojaji walifika shehia (mitaa na vijiji) ngapi. Uliza pia kama kila mmoja alihojiwa peke yake, au sheha, yaani kiongozi wa shehia, na jirani zake walikuwa wamekaa hapo hapo wakisikiliza.