Lambo la udongo shambani: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Lambo dogo haliui mtu.”

Lambo la meta 50 kwa 40, lenye kina cha wastani cha meta 2, lina meta za ujazo 4,000. Hizo ni tani 4,000 za maji zilizoegemea udongo. Yalichukua majuma kujaa. Tuta likikatika hushuka kwa dakika chache. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, tuta la bwawa la Patel lililokuwa mali binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilikatika, na watu wasiopungua 47 wakafa.

Kwa hiyo kabla ya kupima urefu wa tuta, teremka bondeni uhesabu nyumba, madarasa na vivuko. Rudia kila mwaka, maana watu hujenga. Bwawa lililokuwa juu ya malisho matupu miaka kumi iliyopita huenda leo liko juu ya vitanda vya watoto.

“Tukiupandisha utoro kidogo, maji yatatufikisha mwisho wa kiangazi.”

Hili ndilo kosa tunaloliogopa kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa nia njema na halionekani mpaka siku ya mvua kubwa.

Utoro ni njia ya pembeni inayopitisha maji ya ziada. Tuta la udongo halikutengenezwa lipitiwe na maji juu yake: yakianza kumwagika mgongoni, hukata mfereji upande wa nyuma, na mfereji huo hurudi mpaka kilele kinaanguka. Ndiyo maana kati ya sakafu ya utoro na kilele cha tuta huachwa nafasi, aghalabu meta 1 au zaidi kwa malambo madogo. Nafasi hiyo hubeba kina cha mafuriko, na juu yake mawimbi.

Sasa panga mifuko ya mchanga ya sentimita 40 utoroni. Kati ya meta 1 zimebaki sentimita 60, na wengi hudhani wamepoteza asilimia 40 tu ya uwezo wa utoro. Sivyo. Maji yanayopita hupungua haraka kuliko kina kinavyopungua; utoro huo sasa hauwezi kupitisha hata nusu ya mafuriko uliyokuwa ukiyamudu. Nyavu za kuzuia samaki, magogo na uzio wa senyenge hufanya madhara yaleyale, kwani takataka hunasa hapo. Aprili 2024 huko Mai Mahiu, Kenya, wizara ya maji ilieleza kuwa maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia ya chini ilizibwa na takataka, kisha yakapasua. Halikuwa bwawa kabisa, lakini njia ya maji ilipozibwa liligeuka bwawa.

Kilele nacho hushuka, hasa katikati, udongo unapotulia. Kila kiangazi kipime kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ule wanaoutumia waashi kutafuta usawa. Palipobonyea, kwangua majani, lowesha kiasi, jaza udongo ule ule kwa tabaka za sentimita 15 na ushindilie kila tabaka.

“Miti inashika udongo, tuipande kwenye tuta.”

Kwenye miteremko inayozunguka bwawa, panda. Kwenye tuta, hapana, wala karibu na mguu wake. Mzizi ukifa huoza na kuacha bomba. Mti ukiangushwa na upepo hung'oa donge zima la tuta. Ukoka unatosha, ukifyekwa ili uone nyufa na mashimo ya fuko au mchwa. Mti mkubwa uliokwisha kuota usikatwe ukaachiwa kisiki: punguza maji kwanza, chimbua mizizi, kisha jaza na kushindilia.

“Tuta likivuja, ziba panapotoka maji.”

Karibu kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Swali ni mangapi, na yana rangi gani. Weka ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde: ikijaa kwa 100, ni lita 0.2 kwa sekunde. Andika pamoja na kimo cha maji bwawani, maana vipimo vya siku mbili hulinganishwa tu kimo kikiwa sawa. Kisha jaza chupa angavu, iache itulie usiku kucha. Tope likikaa chini, tuta linaliwa kwa ndani: tundu huanzia maji yanapotokea, hubeba chembe moja moja, na kurudi nyuma kuelekea bwawani.

Ukiziba mahali hapo kwa saruji au mfinyanzi, maji hujilimbikiza ndani na kutokea kwingine. Yaache yatoke, ila zuia udongo usitoke nayo: mwaga mchanga safi, juu yake kokoto, juu kabisa mawe ya kukandamiza. Huko ni kununua muda tu. Mhandisi lazima aje.

“Shamba langu, kibali cha nini?”

Maji si yako peke yako. Kenya nenda Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tanzania, bodi ya maji ya bonde lako.

“Hatari ikija, kata tuta maji yaondoke.”

Usilikate kamwe, mkato hupanuka usiweze kuuzuia. Fungua bomba la chini, au vuta maji kwa mpira kupitia utoroni kama mtu anavyohamisha mafuta kwenye dramu. Siku za kawaida usishushe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, kwa sababu upande wa ndani ulioloa huporomoka ukiondolewa maji ghafla. Lakini maji yakitoka na tope na kuongezeka kila saa, acha hesabu hiyo, shusha kadiri uwezavyo. Kabla ya kugusa koki, piga simu kwa kila nyumba uliyoihesabu bondeni.