Mbona ameshika fimbo nyeupe na bado anasoma meseji?

Kwenye vituo vya bajaji vya Dodoma mjini, jambo hili halikosi minong'ono. Mtu anafika akipapasa njia kwa fimbo nyeupe, anaikunja, anatoa simu, anaileta karibu kabisa na pua na kuanza kusoma meseji. Dereva mmoja anamgusa mwenzake: "Huyo anatupiga changa la macho."

Hapana. Inawezekana kabisa mtu huyo ni kipofu, na inawezekana kabisa anasoma.

Kinachotatiza ni dhana tuliyokua nayo, kwamba upofu ni giza totoro: ama unaona, ama huoni. Ukweli ni kwamba wasioona hata mwanga ni wachache miongoni mwa wanaohesabiwa kuwa vipofu. Waliobaki huona kitu: mwanga wa dirisha, kivuli cha anayepita, rangi ya khanga, wengine hata maandishi. Upofu wa kisheria ni mstari uliochorwa na watu, kwa sababu serikali ikitaka kuwapa wasioona nafuu fulani ni lazima iseme nafuu hiyo inaanzia kwa nani. Marekani waliuchora katika miaka ya 1930: jicho lililo bora, likiwa limevaa miwani inayolifaa, lisizidi 6/60, au upana wa eneo linaloonekana usizidi nyuzi 20. Shirika la Afya Duniani limeuweka mstari wake chini zaidi, kwenye 3/60. Kwa hiyo yupo mtu ambaye Chicago ni kipofu, lakini kwa hesabu ya Shirika ana uoni hafifu tu, na macho ni yaleyale.

Hizo namba zinatoka kwenye chati ya hospitali, ile yenye herufi E zinazotazama juu, chini, kushoto na kulia. Mwenye 6/60 anaiona kwa mita 6 herufi ambayo mwenye macho mazima angeiona kwa mita 60. Herufi hiyo ina urefu wa karibu sentimita 9. Tafsiri yake kituoni ni kwamba jina la njia kwenye daladala linasomeka gari likiwa limeshakaribia sana, wakati ambapo konda ameshagonga bati liondoke. Simu ni hadithi nyingine, maana inasogezeka. Ukiitoa sentimita 40 ukaileta 10, maandishi yanakuwa makubwa mara nne ndani ya jicho. Ndiyo sababu ya ile pua.

Lakini fimbo je? Hapa ndipo penye utamu, kwenye zile nyuzi 20.

Macho mawili mazima huona karibu nyuzi 180 kutoka upande hadi upande. Nyoosha mikono mbele, ukunje ngumi mbili na kuziweka sambamba: upana wake ni kama nyuzi 20. Sasa fikiria unatembea kijijini usiku usio na mwezi, na tochi yako ina mwali mwembamba. Ukimulika barua, unaisoma hadi nukta ya mwisho. Ukimulika uso wa jirani, unamtambua. Lakini ndoo iliyo kando ya mguu wako haipo, mbuzi aliyelala njiani hayupo, mpaka umkanyage. Ili uone njia, ni lazima uzungushe mwali huku na huku, na hatua moja tu inahitaji mimuliko mingi. Wenye presha ya macho iliyokomaa huishi hivyo hata saa sita mchana, na wanaopoteza uoni wa pembeni kwa ugonjwa wa kurithi vilevile. Mfano huu una kasoro moja: mwenye tochi analiona giza linalomzunguka, ilhali mwenye presha ya macho mara nyingi haoni ukingo mweusi wowote. Sehemu iliyopotea haijitangazi, na ndiyo maana wengi huchelewa kwenda hospitali.

Wapo pia walio kinyume chake, waliodhoofika katikati ya jicho, pale pa kuonea vitu vidogo. Watu wenye ualbino wako karibu na kundi hili: sehemu hiyo haikukomaa, macho huchezacheza, na jua kali huwaumiza. Shule ya Msingi Buigiri, wilayani Chamwino, inayofahamika kwa kufundisha watoto wasioona, imepokea pia watoto wenye ualbino. Anayeona maandishi makubwa hana sababu ya kulazimishwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kupapasa.

Jua la Dodoma lenyewe huleta vioja. Mwenye mtoto wa jicho aliyekaa katikati ya lenzi anaweza kuona vizuri zaidi jioni kuliko mchana, kwa kuwa mchana mboni hujibana na kumwachia mwanga njia moja tu, ile iliyo na ukungu. Mwenye ule ugonjwa wa kurithi hutembea vyema adhuhuri, kisha magharibi ikiingia anashikwa mkono. Wote wawili huambiwa wanaigiza.

Kongwa, wilaya nyingine ya mkoa huuhuu wa Dodoma, ni habari nyingine, na imechunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1980. Huko vikope, yaani trakoma, viliacha makovu chini ya kope za watu wazima. Maambukizi ya kurudiarudia tangu utotoni huikunja kope kwa ndani, na kila mtu anapopepesa, nywele zake hukwaruza kioo cha jicho mpaka kigeuke cheupe. Kunawa uso na dawa ya azithromaisini hupunguza maambukizi. Kope iliyokwisha kujikunja inahitaji upasuaji.

Kazini, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Karatasi ni rahisi. Ugumu uko kwa bosi aliyemwona mtumishi akisoma meseji.

Na wale wanaovua miwani wakasema "bila hii mimi ni kipofu kisheria"? Marekani hawapiti, kwa kuwa hupimwa nayo. Shirika la Afya Duniani, lakini, hupima mtu jinsi alivyokuja, na asiye na miwani hupimwa bila miwani. Mzee aliyetolewa mtoto wa jicho zamani bila kuwekewa lenzi, miwani yake nzito ikidumbukia kisimani, anaingia kwenye hesabu ya vipofu siku hiyohiyo, na anatoka akinunua nyingine.