Msiisingizie Azam

Juzi tena kiongozi wa tawi kanishika mkono nje ya kikao: "Kaka, Azam wametuulia uwanja." Anamaanisha Azam TV: eti kwa kuwa inarusha mechi mubashara, watu hawaji uwanjani. Miaka kadhaa nasimamia mageti na tiketi hapa Kigoma, na maneno hayo nimeyachoka kuliko vuvuzela.

Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, ilipigwa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika. Ilikuwa mubashara, mtu wa Mwandiga angeitazama amejinyoosha kwake bila kulipa nauli wala kiingilio. Uwanja ulifurika. Ujerumani wanarusha mechi zote za Bundesliga, na ligi hiyo ni miongoni mwa zinazoongoza Ulaya kwa wastani wa watazamaji viwanjani. Wabishi hunitolea mfano wa Uingereza, ambako Jumamosi, saa 8:45 mchana hadi 11:15 jioni kwa saa za huko, hairuhusiwi kurusha mechi mubashara. Katazo hilo ni la tangu miaka ya 1960. Linatuhusu nini sisi?

Halafu tazama mteja mwenyewe. Aliyeko kibanda umiza, kile kibanda cha kulipia kutazama mpira kwenye TV, hakubaki nyumbani. Ameoga, ametoka, amelipa, amebanana kwenye benchi. Alichokifuata ni wenzake, yule mtani wake wa Yanga akiwemo, na kivuli. Huyo humpati peke yake. Unawachukua wote kumi au unawakosa wote. Kila msimu nawaambia viongozi: mpeni mwenye kibanda tiketi auze, akate chake, siku hiyo afunge mlango aje na wateja wake. Wananicheka, kisha wanarudi kuilaumu Azam.

Kinachonipunguzia watu kweli ni saa. Mechi ya saa 10 jioni siku ya kazi inaisha karibu na saa 12, na muda huo wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanahangaika na taa na nyavu. Mbalamwezi ikiwaka hawaingii ziwani. Siku hizo ndizo gari la matangazo lingepita mwaloni, si mjini tu kama kawaida. Ratiba haipangwi na klabu, najua, lakini mwezi kila mtu anauona.

"Timu ikishinda watajaa." Wapi! Aprili 9, 2024, Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, iliwatoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho hapa hapa kwa penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1. Ushindi gani mkubwa kuliko huo? Ila hapa mtu ni Simba au Yanga kwanza, Mashujaa baadaye. Aliyekuja kumwona Simba, ukimtoa Simba umemuudhi.

"Kiingilio kikubwa." Mara chache. Hao hao, vigogo wakija na bei ikapanda, hupanga foleni tangu asubuhi.

"Wanawake hawapendi mpira." Hili sibishani na mtu ambaye hajawahi kujiuliza dada yake akija uwanjani ataenda choo gani.